Bi Ngiri na Salamu Zisizofika

Paukwa.

Pakawa.

Mmeitikia kama watu waliokula mara ya mwisho juzi. Paukwa.

Pakawa.

Haya, hapo nimesikia. Aliyesimama mlangoni aingie au atoke, mimi sisimulii kwa mtu nusu. Leo mtanisaidia. Nikiuliza, "Salamu zimefika?" nyinyi mnanijibu, "Bado, bibi." Tujaribu. Salamu zimefika?

Bado, bibi.

Vizuri. Basi zamani, zamani ile ambayo wanyama walikwenda sokoni na vikapu vyao kama mimi na wewe, kulikuwa na gulio katikati ya mbuga. Kila wiki wanyama walikusanyika pale. Wenye viazi walileta viazi, wenye karanga walileta karanga, wakabadilishana. Na siku ya gulio ilikuwa marufuku mtu kumla mwenzake. Simba alisimama nyuma ya Pundamilia, wakapiga soga, kila mtu akarudi kwake na roho yake.

Gulio lile lilikuwa na desturi moja. Ukinunua kitu, huondoki hivihivi. Unamtumia salamu aliyekitengeneza. Ukinunua kikapu, unamwambia mwuzaji, "Nisalimie Mnana aliyesuka." Wiki inayofuata jibu lako linakuja: "Mnana anakusalimu. Anauliza, mkono wa kikapu haujalegea?" Ukinunua chungu, unasema, "Nisalimie Nyigu aliyefinyanga." Jibu linakuja: "Nyigu anauliza, ulikianika vizuri kabla ya kukipikia?" Hivyo ndivyo walivyoishi. Mtu alimjua fundi wake hata kama hajawahi kumwona sura.

Lakini dunia ikaanza kuwa na haraka. Vijana wakaona salamu zinawachelewesha. Wananunua, wanaweka kikapuni, wameshaondoka. Waliobaki na desturi ile ni wazee watatu tu: Bi Nyani aliyebakiwa na meno ya kuhesabika, Mzee Kakakuona aliyekuwa hasikii vizuri, na Bi Ngiri.

Huyu Bi Ngiri ndiye mwenye hadithi. Mnajua ngiri anavyokula? Anapiga magoti. Hawezi kula bila kupiga magoti, ndivyo alivyoumbwa. Sasa fikirieni, bibi wa watu amepiga magoti tangu utoto mpaka uzee, kwenye vumbi, kwenye matope, kwenye mawe. Magoti yalikuwa yanamuuma. Asubuhi akitaka kuinuka lazima kwanza ayabembeleze. Mnacheka nini? Subirini umri wenu ufike.

Siku moja akaja gulioni mfanyabiashara mpya. Jina lake Mondo. Mnamjua Mondo, yule paka wa porini mwenye miguu mirefu na madoadoa. Alikuwa ametakata, amejilamba mpaka anang'aa, na maneno yake laini. Mondo alileta mito ya manyoya. Ukiukalia unazama. Ukiulalia unasahau shida zako zote. Tena ilikuwa rahisi ajabu, mto mmoja kwa kiazi kimoja. Wakati ule mto wa sufi uliuzwa kwa kikapu kizima cha viazi, na bado ulikuwa na mbegu ndani zinazokuchoma ubavuni.

Foleni ikajaa. Hata Tai alikuwemo, anataka mto wa kiota chake.

Bi Ngiri alipofika mbele, Mondo akasema, "Shikamoo, bibi yangu."

"Marahaba, baba."

Bi Ngiri akapiga magoti polepole, akaunusa mto. "Hii ni harufu ya Kanga," akasema. "Manyoya ya Kanga haya."

"Ni ya Kanga kabisa," Mondo akasema. "Anaishi kwangu siku hizi, yeye na wanawe wote. Wana manyoya mengi mpaka wanayatupa."

Bi Ngiri akafurahi, maana Mama Kanga alikuwa shoga yake wa miaka mingi. Zamani walikuwa wakitembea pamoja. Bi Ngiri anafukua mizizi, Mama Kanga anadonoa wadudu wanaotoka, na mdomo wake haunyamazi kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kisha mvua kubwa zikanyesha, Mama Kanga akapotea na ukoo wake mzima. Bi Ngiri alidhani wamehama bila kuaga, na jambo hilo lilimkaa rohoni.

"Basi nisalimie Mama Kanga," akasema. "Mwambie shoga yake amepata mto, na magoti yatapumzika."

Nyuma yake alikuwepo Swala, kijana mwenye haraka. "Bibi," akasema, "jua linapanda."

"Mjukuu wangu," Bi Ngiri akajibu, "jua linapanda kila siku, wala halijaniomba nilipishe."

Mondo akacheka meno nje. "Zitafika, bibi. Usiwe na wasiwasi."

Salamu zimefika?

Bado, bibi.

Bi Ngiri akaenda nyumbani, akauweka mto chini ya magoti, akala. Jamani. Alikula mpaka akaanza kuimba. Wiki ile nzima magoti hayakumuuma. Siku ya gulio alikwenda karibu kukimbia, mkia umesimama wima, majirani wakatoka nje kumtazama.

Alipofika kwa Mondo akauliza, "Mama Kanga amesemaje?"

"Amefurahi sana, bibi, anakushukuru," Mondo akasema.

"Hakuuliza kitu?"

"Hakuuliza."

Bi Ngiri akashangaa kidogo. Mama Kanga, asiulize kitu? Yule aliyeuliza mpaka mizizi ililala upande gani? Lakini akajiambia labda amezeeka, kama sisi wote. Akasema, "Mwambie kitukuu kimekuja, tena si kimoja. Mjukuu wangu wa kwanza amejifungua mapacha."

"Zitafika, bibi."

Salamu zimefika?

Bado, bibi.

Wiki ya pili Bi Ngiri akaja mapema. "Mama Kanga amesemaje kuhusu mapacha?"

"Amefurahi sana, bibi, anakushukuru."

"Hakuuliza majina yao?"

"Hakuuliza."

Hapo Bi Ngiri akajiuliza. Mama Kanga akisikia habari ya mapacha, asingetuma mtu. Angekuja mwenyewe, anapiga kelele njia nzima, na kila mnyama wa mbuga angejua kabla Bi Ngiri hajajua kwamba anakuja. Lakini magoti yalikuwa mazima, mto ulikuwa laini, na mtu akishapata raha hapendi kuuliza sana. Nasema kweli ama nasema uongo? Bi Ngiri akameza swali lake. Akasema tu, "Mwambie mvua ya juzi imebomoa shimo langu. Ninalala nje."

"Zitafika, bibi. Anayefuata."

Salamu zimefika?

Bado, bibi.

Wiki ya tatu foleni ilikuwa ndefu kuliko siku zote. Bi Ngiri akasimama mbele ya Mondo. "Nilituma habari kwamba shimo langu limebomoka. Mama Kanga amesemaje?"

Mondo alikuwa anapokea viazi mkono huu na kutoa mito mkono ule. Hakuinua hata macho. Akasema, "Amefurahi sana, bibi, anakushukuru."

Foleni nzima ikatega masikio.

"Amefurahi shimo langu kubomoka?" Bi Ngiri akauliza.

Mondo akainua macho. "Yaani, amefurahi kwamba umepona."

Bi Nyani akasogea mbele. "Ngoja kwanza. Mimi nilinunua mto hapa, nikatuma habari za msiba wa mume wangu. Nikaletewa jibu kwamba amefurahi sana, anakushukuru. Nililia mpaka asubuhi."

Mzee Kakakuona naye akatoa kichwa chake kwenye magamba. "Mimi sisikii vizuri," akasema, "lakini hilo la amefurahi sana nimelisikia kila wiki. Nilidhani masikio yangu yamekwama hapo."

Mondo akaona mambo yanaharibika. Akafanya wanavyofanya wauzaji wote duniani, akaleta nyongeza. Akachukua mto mnene kuliko yote, akauweka juu ya kikapu cha Bi Ngiri. "Chukua huu, bibi yangu, bure. Na wewe bibi, na wewe mzee. Wazee wangu nawapenda. Salamu ni maneno tu, magoti ndiyo magoti."

Sasa msidhani Bi Ngiri alikataa papo hapo. Aliutazama ule mto. Aliyafikiria magoti yake, akaifikiria baridi ya asubuhi na ardhi yenye mawe. Aliutaka. Mimi namwelewa, hata mimi ningeutaka.

Kisha akasema, "Baba, nyongeza hii inatoka mfukoni mwa nani? Wewe hufugi manyoya. Unauza kwa kiazi kimoja, tena unaongeza, na tumbo lako linanenepa. Basi kuna mtu mahali anapungua."

Akauteremsha ule mto. Akatoa na mto wake wa zamani kikapuni, ule uliomponya, akauweka mezani. Bi Nyani akafanya vilevile. Mzee Kakakuona akauliza kinachoendelea, akaambiwa, naye akaurudisha wake.

"Salamu zetu tutazipeleka wenyewe," Bi Ngiri akasema.

Mondo akacheka kwa sauti. "Kwangu ni ng'ambo ya kilima cha mawe, bibi. Kwa miguu hiyo mtafika mwakani."

"Sawa," Bi Ngiri akasema. "Sisi tuna haraka gani?"

Hapo ndipo Mondo alipokosea. Alidhani wazee hawafiki popote kwa sababu wanakwenda polepole. Akaitazama foleni yake ndefu, akavitazama viazi, akaendelea kuuza. Wazee wakaondoka.

Walitembea. Bi Nyani akichoka, wanakaa. Bi Ngiri akichoka, wanakaa. Mzee Kakakuona akisikia wamesema wakae, wao wameshainuka. Walicheka njiani kama wasichana wanaokwenda kuchota maji. Wakakipanda kilima, wakateremka upande wa pili, wakaona ua mkubwa wa miiba.

Kimya. Hakuna sauti hata moja. Bi Ngiri akanusa. "Ni Kanga," akasema. "Lakini Kanga gani asiye na kelele?"

Akaita kwa sauti, "Hodi, Mama Kanga."

Ndani ya ua sauti ndogo ikajibu, "Nyamaza, tafadhali. Mondo amesema tukipiga kelele Tai atatusikia aje atumalize."

"Tai yuko gulioni," Bi Ngiri akasema. "Nimemwacha kwenye foleni anangoja mto."

Ndani mtu akaanza kulia. Bi Ngiri akachungulia kwenye miiba, naye akatoa machozi. Shoga yake alikuwa amesimama pale na ukoo wake wote, vichwa vitupu, shingo tupu, wamenyonyolewa manyoya wanatetemeka. Wakati wa mvua kubwa Mondo aliwaambia waje kwake wajifiche, Tai asiwaone. Walipoingia akafunga mlango kwa miiba. Kila siku ya gulio kabla ya kuondoka aliwanyonyoa, na manyoya madogo yakichipua, anarudi tena.

Bi Ngiri akaweka kikapu chini. Alipiga magoti.

Ardhi ya pale ilikuwa mawe matupu. Hakuwa na mto. Akafukua kwa pua, akafukua kwa meno, magoti yakachubuka, akaendelea kufukua. Mzee Kakakuona akaleta kucha zake, na nyinyi mnajua kucha za kakakuona, akachimba upande wa pili. Bi Nyani akawa anavuta udongo na kuwaambia wote wawili wanakosea. Wakachimba chini ya ua mpaka tundu likatokeza.

Mama Kanga akatoka wa kwanza.

"Nilikutumia salamu," Bi Ngiri akasema, huku anahema. "Mara tatu."

"Sikuzipata hata moja," Mama Kanga akasema. "Nilidhani umenisahau."

Basi Bi Ngiri akampa salamu zake zote hapohapo, moja baada ya nyingine. Akamwambia kuhusu mto. Mama Kanga akasema, "Pole kwa magoti, na yule mwizi alaaniwe." Akamwambia kuhusu mapacha. Mama Kanga akapiga kigelegele, akauliza majina yao, nani amewakanda, wanafanana na upande gani, na mbona wa pili kapewa jina la shangazi asiye na adabu. Akamwambia kuhusu shimo. Mama Kanga akamshika shingoni, akasema, "Pole, shoga yangu. Tutalifukua pamoja."

Salamu zimefika?

Zimefika, bibi.

Naam, hapo mmejua wenyewe kubadilisha jibu. Watoto wenye akili.

Wakarudi gulioni wote, wazee mbele, Kanga nyuma. Kanga walianza kwa kunong'ona, maana walikuwa wamezoea kunyamaza. Kisha kifaranga mmoja akaropoka, wa pili akaropoka, na kabla hawajamaliza kilima kelele zao zilikuwa zimerudi zote, wanaimba. Pokeeni:

Salamu, salamu, sisi hapa twaja,
tumezipokea, majibu twayaleta.

Salamu, salamu, sisi hapa twaja,
tumezipokea, majibu twayaleta.

Gulio likasikia. Kila mtu akageuka. Wakawaona Kanga na vichwa vyao vitupu na shingo zao tupu. Kisha kila mmoja akautazama mto alioubeba. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Swala ndiye aliyeanza. Akauweka mto wake chini mbele ya Mama Kanga, akasema, "Nisamehe, mama. Sikuuliza." Simba akaweka wake. Pundamilia akaweka wake. Tai naye akaweka wake, akatazama pembeni, akajifanya ana kitu jichoni. Mito ikawa kilima.

Mondo akataka kusema, na maneno yake laini yakawa tayari mdomoni. "Ndugu zangu, hamjambo?"

Hakuna aliyeitikia. Akasalimu tena. Kimya. Katika gulio lile, mtu asiyeitikiwa salamu hana cha kufanya pale. Mondo akaacha viazi, akaacha kibanda, akaingia kwenye nyasi ndefu. Mpaka leo anaishi huko peke yake. Ukimwona utaona masikio yake makubwa yamesimama juu. Anangoja mtu amsalimie.

Yale manyoya Kanga waliyachukua yote, wakatandika viota vyao, wakalala na joto. Miili yao ikaota manyoya mapya, lakini vichwa na shingo vilinyonyolewa mno, havikuota tena. Mtazameni kanga kesho mtaona.

Na Bi Ngiri? Alirudi kupiga magoti chini, kwenye mawe, na magoti yakarudi kuuma. Hakulalamika, isipokuwa asubuhi, na kwa sauti.

Mvua zikaja, zikapita. Siku moja ya gulio Bi Ngiri akafika akaona kibanda kipya. Juu ya meza kulikuwa na mito midogo, midogo hasa, imejazwa manyoya yaliyodondoka yenyewe Kanga walipobadilisha manyoya. Na bei yake haikuwa kiazi kimoja. Bi Ngiri akashusha kikapu kizima cha viazi. Akapewa mto unaotosha goti moja.

Kwa mazoea akasema, "Nisalimie aliyeutengeneza."

"Nisalimie mwenyewe," mwuzaji akasema. "Niko hapa."

Alikuwa Mama Kanga. Basi wakaanza. Magoti yanaendeleaje, mapacha wameota meno, shimo linavuja upande gani, na yule shangazi je? Jua likapanda, likafika utosini, likaanza kushuka. Foleni nyuma yao ikawa ndefu mpaka mwisho wa gulio, na aliyekuwa wa pili kwenye foleni ni Swala. Alikaa chini, akasubiri zamu yake ya kusalimu.

Mmesikia, wanangu? Kitu kikiwa rahisi kupita kiasi, muulize mwuzaji nani amekitengeneza, na yukoje. Asipojua, au akikujibu mbiombio kila mara jibu lilelile, rudisha, hata kama unakitaka. Na mkimwona bibi yenu sokoni anaulizauliza huku foleni inangoja, msimvute kanga. Mngojeeni.

Mimi nimemaliza. Aliyependa hadithi aende nayo kwake, njiani asiidondoshe. Ambaye hakuipenda aniachie hapa kizingitini, nitampa mwingine kesho.